CNA na chuo kwa wakati mmoja: njia nne, na kile ambacho kila moja inakudai

Wiki ya pili tangu nifike Minnesota, shangazi aliniketisha jikoni akaniambia, "Mwanangu, kabla hujafanya lolote, chukua CNA. Ukiwa nayo hulali njaa nchi hii." CNA ni cheti cha msaidizi wa muuguzi. Yeye mwenyewe alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na mmoja, na kwa mshahara wa kazi hiyo alikuwa amewasomesha wadogo zake watatu kule Nakuru. Ushauri wake ulikuwa wa kweli, na mimi pia nawapa vijana wanaofika sasa. Ila haukusema nichukue lini, wala nipitie mlango upi.

Nilianza chuo cha jamii (community college) mwishoni mwa Agosti nikiwa na krediti 14, yaani vipimo vya mzigo wa masomo, na wiki hiyo hiyo nikaanza mafunzo katika nyumba ya wazee iliyokubali kunisomesha bure. Kufikia Desemba nilikuwa nimepata cheti cha CNA, na nilikuwa nimeanguka somo la anatomia na fiziolojia. Mdogo wangu alinifuata miaka mitatu baadaye, akapita mlango mwingine, akapata vyote viwili. Tulilala nyumba moja, tukapanda basi lile lile, na darasani hatukupishana sana. Kilichotutenga ni mpangilio wa miezi. Hilo ndilo ninalotaka uliangalie kabla hujasaini karatasi ya mtu yeyote.

Mafunzo yenyewe yanadai nini

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 iliyorekebisha nyumba za wazee Marekani iliweka kiwango cha chini: saa 75 za mafunzo, na kati ya hizo zisizopungua 16 ziwe za vitendo chini ya usimamizi. Tena, kabla hujamgusa mkazi yeyote wa nyumba hiyo, lazima uwe umefundishwa saa 16 juu ya mawasiliano, kuzuia maambukizi, usalama na dharura, kumsaidia mkazi ajitegemee, na kuheshimu haki zake. Hapo ndipo majimbo yanapoachana. Minnesota imebaki kwenye 75. Texas inataka 100, Florida na Illinois 120, California 160, na Maine 180. Ndugu yetu Mkongo aliyeko Portland, Maine, akisikia binamu yake wa Minneapolis amemaliza kwa wiki tatu, asidhani yeye ni mzito. Anasoma zaidi ya mara mbili ya saa za mwenzake.

Baada ya saa hizo kuna mtihani wa sehemu mbili: wa maswali, na wa vitendo mbele ya msimamizi. Ule wa maswali unaweza kuomba usomewe kwa sauti badala ya kuusoma mwenyewe. Hiyo ni haki iliyomo kwenye kanuni za shirikisho, na inawafaa sana watu wetu wanaoelewa Kiingereza cha kusikia kuliko cha kuandika. Katika vitendo utaambiwa umhamishe mtu kutoka kitandani hadi kiti cha magurudumu, upime mapigo au presha, usafishe sehemu za siri kwa staha, ushughulikie mpira wa mkojo, na kila mara unawe mikono kwa utaratibu wake. Na siku ya mtihani, jina lililo kwenye kitambulisho lilingane herufi kwa herufi na lile ulilojiandikishia. Sisi wenye majina matatu tumerudishwa mlangoni mara nyingi kwa jambo hilo.

Jambo ambalo wanafunzi wa chuo hawalitambui mapema ni hili: saa za CNA hazisamehewi. Chuoni ukikosa mhadhara mmoja unaazima daftari la mwenzako, maisha yanaendelea. Kwenye mafunzo haya saa ni za kisheria. Ukikosa siku ya vitendo, lazima uilipe siku nyingine ikiwa ipo, au uanze upya na kundi linalofuata. Programu nyingi zinakuondoa kwa kuchelewa mara mbili tu. Kwa hiyo ratiba ya CNA ikigongana na ya chuo, kitakachosalimu amri ni chuo, na wewe utaona ni kawaida kwa sababu "ni wiki chache tu".

Hesabu ya wiki moja

Mwanafunzi wa muda kamili anahesabiwa kuanzia krediti 12 kwa muhula. Kipimo cha kawaida cha vyuo vya Marekani ni saa moja darasani na mbili za kujisomea kwa kila krediti. Krediti 12 basi ni saa 36 kwa wiki. Krediti 15, ambazo ndizo zinazokuwezesha kumaliza shahada ndani ya miaka minne, ni saa 45. Toa pia saa 49 za usingizi, ukilala saba kila usiku.

Mafunzo ya saa 75 yakitandazwa kwa wiki tano ni saa 15 kwa wiki. Kwa karatasi, yanaingia. Yale ya California ya saa 160 yakibanwa kwenye wiki nane ni saa 20 kila wiki, na hapo karatasi yenyewe inaanza kulalamika. Na hizo ni saa za kuwa chumbani tu. Hujaweka kukariri hatua za mtihani wa vitendo, kipimo cha kifua kikuu, chanjo ya homa ya ini, alama za vidole, na foleni ya daktari wa kusaini fomu. Mimi nilipoteza asubuhi mbili za chuo kwa fomu peke yake.

Njia ya kwanza: nyumba ya wazee ikusomeshe

Hii ndiyo njia inayopendwa na watu wetu, na sababu zake ni nzito. Hulipi kitu. Kanuni ya shirikisho inakataza kabisa mtu aliyeajiriwa au kuahidiwa kazi na nyumba ya wazee kutozwa chochote cha mafunzo hayo, hata kitabu. Nyumba nyingi hukulipa mshahara mdogo ukiwa bado unasoma. Ukimaliza, kazi iko pale pale, huzunguki kutafuta. Kwa mtu aliyefika na kodi ya nyumba inamsubiri, na mama nyumbani anangoja chochote, sitamwambia aidharau njia hii.

Lakini tazama saa yake. Nyumba ya wazee hairuhusiwi kukutumikisha zaidi ya miezi minne kabla hujafaulu mtihani. Muhula wa chuo nao ni kama miezi minne. Ukiajiriwa mwishoni mwa Agosti, ukingo wako wa kufaulu CNA unaangukia Desemba, wiki zile zile za mitihani ya mwisho ya chuo. Hakuna aliyenionyesha hilo kwenye kalenda. Nilifanya mtihani wa vitendo Jumanne na wa anatomia Alhamisi, na kwa wiki mbili nzima nilikuwa nafanyia mazoezi kitanda na mito chumbani kwa shangazi badala ya kukariri mifupa.

Tena mafunzo yenyewe yalikuwa sehemu nyepesi. Yalikuwa jioni nne kwa wiki, saa 11 hadi saa 3 usiku, wiki tano, yakaisha. Baada ya hapo nikapangiwa zamu tatu kwa wiki, kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 5 usiku. Hizo ni saa 24. Jumlisha na krediti zangu 14, ambazo ni saa 42, unapata 66 kabla ya basi, na basi la usiku Minnesota mwezi wa Novemba halina huruma. Nilikuwa nafika nyumbani saa 6 na nusu usiku, na kipindi cha anatomia kilikuwa saa 2 asubuhi.

Kuna jioni moja ninayoikumbuka kuliko zote. Nilikuwa nimemketisha bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu, nikageuka kuchukua sweta lake, na sikuwa nimefunga breki. Mwenzangu aliyekuwa anapita akakidaka kiti kikiwa kimeanza kurudi nyuma. Bibi hakuumia. Breki ndiyo kitu cha kwanza tulichofundishwa, na nilikuwa naijua usingizini. Nadhani ndivyo nilivyokuwa, usingizini. Tangu siku hiyo sijawahi kuizungumzia habari ya CNA na chuo kama habari ya alama za darasani peke yake. Kuna mtu upande wa pili wa uchovu wako, na yeye hana pa kukimbilia.

Ukichagua njia hii, basi anza na krediti chache za masomo mepesi muhula huo, na usiweke humo somo la sayansi lenye maabara. Na ukiletewa mkataba unaosema utarudisha gharama za mafunzo ukiacha kazi, usisaini kabla ya kuuliza idara ya afya ya jimbo lako.

Njia ya pili: kozi ya kulipia, jioni au wikendi

Hapa unalipa mwenyewe, mia kadhaa za dola hadi kuzidi elfu moja kulingana na jimbo, na kwa kawaida unachagua kundi: la jioni, au la Jumamosi na Jumapili kutwa. Ukilinganisha na njia ya kwanza, faida yake kubwa ni uhuru. Hakuna mwajiri nyuma yako. Ukimaliza unaweza kukaa miezi miwili bila kazi, ukamaliza muhula wako kwa utulivu, ndipo utafute hospitali au nyumba unayoitaka.

Kundi la wikendi linavutia kwa sababu haligusi vipindi vya chuo. Lakini saa nane Jumamosi na nane Jumapili, wiki tano mfululizo, maana yake ni siku 35 bila siku hata moja ya kupumzika. Anayeweza, aweze mwanzoni mwa muhula. Septemba ina nafasi. Katikati ya Oktoba mitihani ya kati inaanza kubisha. Kozi inayoanza wiki ya kwanza ya Septemba na ile inayoanza wiki ya kwanza ya Oktoba ni vitu viwili tofauti kabisa kwa mwanafunzi, hata kama bei na mwalimu ni wale wale.

Na hapa kuna jambo ambalo nasikitika watu wengi hawalijui. Ukijilipia mafunzo, kisha ndani ya miezi 12 ukaajiriwa na nyumba ya wazee inayopokea fedha za Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali, sheria inataka urudishiwe gharama zako za mafunzo na mtihani, kidogo kidogo kadiri unavyofanya kazi. Tunza risiti zote, na uulize siku ya kwanza ya ajira jinsi jimbo lako linavyolipa. Kwa hiyo ile hesabu ya "bure" dhidi ya "kulipia" mara nyingi si hesabu ya kweli. Swali ni kama unaweza kukopa mahali hizo dola kwa miezi sita. Shangazi yangu angenikopesha kama ningejua kuomba.

Njia ya tatu: uisome chuoni kwako, ndani ya krediti zako

Vyuo vingi vya jamii vinaifundisha CNA kama somo la kawaida lenye krediti tatu hadi tano. Kati ya njia zote zinazofanyika wakati wa muhula, hii ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa sababu haiongezwi juu ya mzigo. Inakuwa sehemu ya mzigo. Badala ya krediti 12 na CNA, unakuwa na krediti 12 zilizo na CNA ndani yake. Mfumo wa usajili wenyewe unakukatalia vipindi vinapogongana. Ukizidiwa, kuna mshauri wa wanafunzi, kuna tarehe ya kujiondoa, kuna mwalimu anayekujua kama mwanafunzi na si kama mfanyakazi aliyekosa zamu.

Tofauti na njia mbili za kwanza, alama ya hapa inaingia kwenye wastani wako. Kwa wengi hiyo ni neema, maana mwenye bidii hupata A. Na kama unaelekea uuguzi, uliza mapema: programu nyingi za uuguzi zinadai uwe umemaliza mafunzo ya CNA kabla ya kuomba nafasi, kwa hiyo unaua ndege wawili kwa jiwe moja.

Tahadhari iko kwenye fedha. Msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho huhesabu krediti zinazohitajika kwenye shahada au cheti unachosomea tu. Mwanafunzi wa uhasibu akijaza krediti nne za CNA ili afikishe 12, anaweza kujikuta anahesabiwa kuwa na nane, na Pell yake, ile ruzuku ya masomo ya shirikisho, ikapungua. Nenda ofisi ya fedha ukiwa na jina la somo mkononi, uulize kwa maneno hayo hayo: hili litahesabiwa? Na wala usitegemee Pell ilipie kozi ya nje ya saa 75 peke yake. Ni fupi mno.

Njia ya nne: usubiri likizo

Mdogo wangu alimaliza mitihani yake ya mwaka wa kwanza katikati ya Mei. Jumatatu iliyofuata alikuwa darasa la CNA, mchana, siku tano kwa wiki. Wiki tatu zikaisha. Nafasi ya mtihani ikapatikana mwishoni mwa Juni, akafaulu, na mwezi wa Julai na Agosti akafanya kazi saa 40 kwa wiki. Septemba ilipofika alikuwa na akiba ya kodi ya miezi mitatu, na akamwomba bosi abaki na wikendi moja kwa mbili.

Namsikia anayesema: huyo alikuwa na bahati, alikuwa na dada wa kumlisha mwaka wa kwanza. Ni kweli. Gharama ya njia hii haiko kwenye ada. Iko kwenye mwaka mzima wa kwanza ambao hupati mshahara wa CNA. Mwaka 2024, mshahara wa kati wa kazi hii Marekani ulikuwa karibu dola 19 kwa saa. Zamu mbili tu kwa wiki ni zaidi ya dola 300 kabla ya kodi, na muhula una wiki 15 au 16. Hesabu hiyo ndiyo inayowafanya watu wasisubiri, na siwalaumu. Mdogo wangu aliziba pengo kwa kazi ya maktaba ya chuo, ambayo ililipa kidogo lakini ilimwacha asome akiwa amekaa kwenye meza ya kupokea vitabu.

Lakini weka matokeo ubavu kwa ubavu. Mimi nililipa upya anatomia, na kwa kuwa anatomia ndiyo mlango wa masomo mengine ya uuguzi, nikachelewa mwaka. Vyuo vingi vinataka umalize angalau asilimia 67 ya krediti unazosajili na uwe na wastani wa 2.0 ili uendelee kupata msaada. Mimi niliandikiwa barua ya onyo. Ukichelewa mwaka mmoja kuwa muuguzi aliyesajiliwa, umepoteza mwaka wa mshahara wa muuguzi. Zamu zangu zote za muhula ule hazikukaribia kiasi hicho.

Kuna pia ubora wa kujifunza. Mdogo wangu alikwenda kwa wazee wale akiwa amelala usiku. Alikuwa na muda wa kumsubiri mzee amalize kutafuna. Alijifunza kutazama ngozi ya kisigino na ya kiuno kila anapomgeuza mtu, akaviona vidonda vya kulalia vikiwa bado ni wekundu tu. Alipoingia darasa la uuguzi, vitu hivyo alikuwa navyo mwilini. Kwetu watu husema "kuosha wazee" kana kwamba ni tusi, na vijana wengine huificha kazi hii kwa wenzao wa nyumbani. Mimi naona hakuna shule bora ya uuguzi kuliko hii, ila mwanafunzi wake anatakiwa awe macho.

Likizo ya Desemba na Januari ni fupi kuliko inavyoonekana. Ukitoa Krismasi na mwaka mpya, zinabaki wiki mbili au tatu. Kwa jimbo la saa 75 inawezekana kwa shida. Kwa California au Maine, usijaribu.

Mafunzo yanaisha, simu haiishi

Nikilinganisha miaka yangu na ya mdogo wangu, naona kwamba tuliuliza maswali tofauti. Mimi niliuliza, "Nitayabebaje mafunzo na chuo?" Yeye aliuliza, "Nitaibebaje kazi na chuo?" Mafunzo ni wiki tatu, tano, nane. Kazi ni kila wiki mpaka umalize shahada. Nyumba za wazee daima zina upungufu wa watu, na mpanga zamu atakupigia Jumamosi saa 12 asubuhi akuambie mtu mmoja hakuja, na utalipwa nyongeza. Utamfikiria mama. Utaenda. Wiki ya pili atapiga tena, na safari hii atakuomba ufululize zamu mbili, saa 16.

Kwa hiyo pima kila njia kwa swali hili: inaniacha na nguvu gani mbele ya simu hiyo? Njia ya kwanza inakuacha na deni la shukrani, na cheo cha mfanyakazi wa kudumu ambaye ratiba yake inapangwa na wengine. Ya pili na ya tatu zinakuacha na cheti chako na uhuru wa kuchagua mwajiri. Ya nne inakupa zaidi, kwa sababu ukishafanya kazi miezi miwili ya kiangazi wanakujua, wanakutaka, na unapoomba kupunguziwa mwezi wa Septemba wanaona afadhali wikendi mbili kwa mwezi kuliko kukupoteza.

Usikimbilie cheti mapema mno pia. Ukikaa miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi ya uuguzi yenye malipo, unarudi kwenye mafunzo na mtihani upya. Namjua binti mmoja aliyechukua CNA akiwa sekondari, akaenda chuo cha mbali, akaja kuitaka mwaka wa tatu na ilikuwa imekwisha.

Wale ambao hesabu yao ni tofauti

Kama uko Marekani kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, njia ya kwanza haikuhusu. Mafunzo ya nyumba ya wazee huanza kwa kuajiriwa, na kuajiriwa nje ya chuo bila kibali kunaweza kukupotezea hadhi yako ya kukaa nchini. Ndani ya chuo unaruhusiwa hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na lazima ubaki na krediti zako 12. Wapo watakaokuambia fulani alifanya na hakukamatwa. Usiweke miaka minne ya ada ya wazazi kwenye maneno hayo. Zungumza na ofisa wa wanafunzi wa kigeni kwanza. Wenye kadi ya kijani na waliopokelewa kama wakimbizi wako huru kufanya kazi. Aliyeomba hifadhi na bado anasubiri kibali cha kazi anaweza kuutumia muda huo kwa njia ya pili, akiwa na mtu wa kumlipia.

Kama tayari umeingia programu ya uuguzi, simama kidogo. Majimbo kadhaa yanamruhusu mwanafunzi aliyemaliza somo la misingi ya uuguzi kufanya mtihani wa CNA bila kusoma kozi ya peke yake. Ungekuwa unalipia mara mbili kitu kimoja. Na Florida inaruhusu mtu kukalia mtihani bila kupitia mafunzo kabisa, jambo ambalo limewasaidia wauguzi waliosomea Kenya, Tanzania na Kongo kuanza kazi huku wakishughulikia leseni zao.

Ikiwa shida yako ni kodi ya mwezi huu na huwezi kusubiri kiangazi, ningekuelekeza kwenye njia ya kwanza kwa masharti mawili: krediti 12 na si zaidi, na somo gumu liahirishwe hadi Januari. Ikiwa una mtu wa kukushika mkono mwaka mmoja, subiri Mei. Ikiwa uko katikati, tafuta somo la CNA chuoni kwako.

Na siku ya usaili, kabla hawajakuuliza lolote kuhusu uzoefu, weka ratiba yako ya chuo mezani, imechapwa, ikiwa na tarehe za mitihani ya kati na ya mwisho zimepigiwa mstari. Waambie ni saa ngapi kwa wiki unaweza, na kwamba wiki ya mitihani hutapatikana. Omba waandike kwenye barua ya ajira. Mdogo wangu alifanya hivyo, na yule mama wa ofisini akaichukua ile karatasi akaibandika ukutani juu ya simu yake.